*MPE JEMBE KWANZA: KUJIAJIRI SIYO KUJITEGEMEA*

*CHAMA CHA MAPINDUZI – TAWI LA MWAZYE*
*Taarifa ya Katibu Mwenezi kwa wanachama wote*

Ndugu wanachama, mabalozi wa mashina, viongozi wa UVCCM, UWT na Wazazi,

*Kidumu Chama Cha Mapinduzi!*

Ujumbe huu ni mrefu. Naomba usomwe mpaka mwisho kabla ya mtu kujibu, na mabalozi wawasomee wanachama wenye simu za kitochi.

Tangu Jumapili kuna sauti inazunguka kwenye makundi yetu. Mzee wetu mmoja anasema vijana wa Mwazye wameota mizizi vijiweni wakisubiri serikali iwalishe. Anasema ajira hakuna, wajiajiri. Anasema enzi za Mwalimu kijana wa namna hii asingeonekana barabarani. Wanachama wengi wameijibu kwa makofi, na wengine ni viongozi.

Mzee, shikamoo. Heshima yako iko palepale, na jasho lako katika Chama hiki tunalijua. Lakini hoja ile siyo sahihi, na tukinyamaza itageuka kuwa msimamo wa tawi. Kura za maoni zinapokaribia, kila mgombea hupita hapa na neno lilelile mdomoni. Ni vizuri tuwe tumeelewana mapema.

*1. MANENO MAWILI YANAYOCHANGANYWA*

Imani ya Chama hiki ni Ujamaa na Kujitegemea. Imeandikwa kwenye Katiba yetu na haijafutwa. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilieleza kujitegemea ni nini: nchi iendelee kwa nguvu za watu wake, ardhi yake, siasa safi na uongozi bora. Azimio linamtaja pia mtu mmoja mmoja, lakini lengo la maelezo hayo ni *taifa* zima lijitegemee, watu wakiwa pamoja. Hakuna mahali Azimio linasema kila kijana akapambane na hali yake.

Kujiajiri ni neno la baadaye. Lilishika kasi wakati viwanda na mashirika ya umma yanafungwa au kuuzwa na waajiriwa wanarudishwa nyumbani. Mwanzoni lilikuwa faraja kwa mtu aliyepoteza kazi. Leo limekuwa amri kwa mtu ambaye hajawahi kuipata.

Sote tunaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu aliipenda methali hii, na wazee hupenda kuitumia dhidi ya vijana. Isikilizeni vizuri. Inasema *mpe* jembe. Mwenye nyumba ndiye anayetoa jembe, kisha anayo haki ya kumdai mgeni kazi. Haisemi siku ya tatu mwambie akajitafutie jembe, na akikosa umwite mvivu.

Sisi Wafipa tusingepaswa kufundishwa jambo hili. Babu zetu walifua chuma katika nchi hii kabla ya mkoloni. Yale malungu, tanuri ndefu za udongo ambazo mabaki yake bado yanaonekana Ufipa, hayakujengwa na mtu mmoja. Kulikuwa na wa kuchimba mawe ya chuma, wa kukata na kuchoma mkaa, wa kujenga tanuri, na fundi aliyejua siri ya kazi. Jembe lilitoka kwa watu wengi, ndipo kijana akalishika akaenda kulima. Hivyo ndivyo kazi ya kijana ilivyokuwa ikianza hapa.

*2. ENZI ZA MWALIMU, TUSEME UKWELI WOTE*

Mzee amesema kijana asiye na kazi zamani asingeonekana barabarani. Ni kweli, na sababu yake tuitaje. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvukazi. Mijini watu walikamatwa kwa kosa la uzururaji wakapakiwa kwenye magari kupelekwa vijijini na mashambani. Miongoni mwao walikuwemo vijana wanaouza karanga, sigara na maji barabarani.

Kijana yule aliyekamatwa na sinia la karanga 1983 aliitwa mzururaji. Kijana mwenye sinia lilelile leo anaitwa mjasiriamali. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Ilikuwa nafuu, kwa sababu vilimpunguzia usumbufu wa mgambo. Lakini sinia halikukua. Kilichobadilika ni jina. Zamani tulimlaumu kwa kuwa barabarani, sasa tunamlaumu kwa kutobaki barabarani kwa ubunifu wa kutosha.

Wala hatutaki kupamba zamani. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kwa nguvu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, ambavyo wakulima walivijenga kwa mikono yao, vilivunjwa kwa amri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu, na mama zetu walipanga foleni kwa kipande cha sabuni. Anayetaka kurudi huko hajui anachokitaka.

Lakini kuna jambo moja la wakati ule ambalo mzee hakulitaja, na ndilo lililomfanya yeye afike alipo. *Kulikuwa na mnunuzi.* Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Ufipa alilipwa sawa na wa karibu na Dar es Salaam, bila kukatwa gharama ya umbali. Mbolea ilikuwa na ruzuku. Kwa utaratibu huo Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ikawa moja ya mikoa minne mikubwa ya mahindi Tanzania. Ardhi yetu ilikuwa nzuri tangu zamani. Kilichoongezeka ni mnunuzi na mbolea. Na kijana aliyemaliza chuo alipangiwa kazi.

Kwa hiyo mzee hakujiajiri. Alilima, tena kwa bidii, lakini alilima juu ya kitu kilichokwisha kujengwa na nchi nzima. Alipewa jembe.

*3. JEMBE LILIONDOKAJE*

Agosti 1986 serikali ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. NMC ilikuwa imelemewa na madeni, na bei moja ya nchi nzima ikaisha. Biashara ya nafaka ikaachwa kwa watu binafsi. Ruzuku ya mbolea ikapunguzwa mwaka hadi mwaka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 haikuwepo tena. Mwaka 1991, kule Zanzibar, Halmashauri Kuu ya Chama chetu ikalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha: kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa na kupangisha nyumba. Kisha mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa, zaidi ya 300.

Sisemi yote yalikuwa makosa. NMC isingeweza kuendelea kula hasara milele, na mashirika mengine yalikuwa mizigo. Nasema tuangalie nani alipata nini. Kiongozi aliruhusiwa kuwa na mali. Mfanyabiashara aliruhusiwa kununua kiwanda. Hapa kwetu, Ranchi ya Kalambo chini ya NARCO iligawanywa vitalu, vikakodishwa. Shamba la Malonje lililokuwa la umma likabinafsishwa, na mgogoro wake na vijiji jirani kila mtu wa Sumbawanga anaujua. Kijana wa kijijini katika mgawo huo wote alipewa nini? Alipewa neno. Jiajiri.

*4. WENZETU WALIOTOKA TULIKOTOKA*

Wapo watakaosema dunia nzima ilipita njia hiyo. Tutazame wawili tu.

Vietnam ilianza mageuzi yake mwaka uleule wa 1986, na chama kinachotawala kule ni cha kikomunisti mpaka leo. Waliacha kilimo cha pamoja wakazipa familia mashamba, lakini mifereji ya umwagiliaji na utafiti wa mbegu serikali haikuvitupa. Nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikaanza kuuuza nje kwa wingi mwaka 1989. Mkulima wa kule aliachwa huru *na maji yakiwa shambani*.

Poland ilitoka kwenye ukomunisti mwaka 1989, tena kwa ghafla. Mashamba ya serikali yakafungwa, na vijiji vilivyoyategemea vikabaki na watu wasio na kazi. Mwaka 2002 karibu mtu mmoja kati ya watano wanaotafuta kazi hakuwa nayo. Nchi ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, vijana kwa malaki wakahamia Uingereza na Ireland. Kwa hiyo hata wazungu waliambiwa wajiajiri na wengi wao wakaona bora waondoke. Lakini Poland haikuacha kutengeneza mitambo. Vile vihenge vya NFRA mnavyoviona Sumbawanga vimejengwa na makampuni ya Poland, kwa mradi wa mkopo wa dola milioni 55 ambao nchi yetu inaudaiwa na Poland. Wote wawili tulitoka kwenye ujamaa. Mwenzetu anauza vihenge, sisi tunavikopa, halafu tunamwambia kijana wetu kwamba tatizo ni uvivu wake.

*5. HESABU YA KIJIWENI*

Tuache historia, tuje kwa hao vijana wanaosemwa. Wengi wao *wamejiajiri tayari*. Wana pikipiki, wanalima, wanabeba mizigo siku za mnada. Tatizo siyo kwamba hawafanyi kazi.

Chukua pikipiki ya mkataba. Tuseme kijana anampa bosi hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita za wiki. Hiyo ni 60,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni shilingi 3,120,000. Mafuta ni yake, matairi ni yake, faini ni yake, na akivunjika mguu ni wake. Akikosa hesabu wiki mbili, pikipiki inachukuliwa hata kama amebakiza mwezi mmoja. Huyu ana bosi, ana saa za kazi, ana adhabu. Kitu alichokosa ni mshahara, likizo, matibabu na barua ya ajira. Kumwita mtu huyu aliyejiajiri ni kumpunguzia bosi wake wajibu. Na mabosi wengine wamo humu kwenye kundi.

Chukua mahindi. Kijana amekodi ekari mbili na amepata mbolea ya ruzuku iliyorudishwa mwaka 2022, jambo jema na tunalipongeza. Amevuna. NFRA ananunua Sumbawanga, lakini mwenye magunia kumi hawezi kukodi lori peke yake, wala hawezi kungoja malipo wakati mwenye shamba anadai kodi yake. Kwa hiyo anamuuzia mchuuzi anayefika shambani na lumbesa yake, na mchuuzi ndiye anayekwenda kupanga foleni kwenye kituo. Bei nzuri ya serikali ipo, ila inaishia kwenye mfuko wa mtu wa katikati.

Na msisahau Juni 2017, mahindi yalipozuiwa kwenda nje. Bei ilianguka, na mpaka wa Kasesya uko palepale karibu nasi. Kijana aliyekuwa ametii na kujiajiri shambani alifilisika kwa tangazo la siku moja. Anayejiajiri hana chama cha wafanyakazi cha kumtetea asubuhi yake.

Na waliosoma je? Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596. Walioomba walikuwa zaidi ya 135,000. Hao si wavivu. Mvivu haombi kazi, na wengi walisafiri kwenda kwenye usaili kwa nauli ya kukopa.

*6. MIKOPO YA ASILIMIA KUMI*

Tutaambiwa mikopo ipo. Ipo, na ni sera ya serikali yetu ambayo tunaitetea. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, bila riba.

Lakini asilimia nne ya kitu gani? Tuseme halmashauri ya vijijini inakusanya bilioni mbili. Asilimia nne ni milioni 80. Gawa kwa kata 20, unapata milioni nne kwa kata kwa mwaka. Hiyo ni pikipiki moja na chenji, kwa vijana wote wa kata. Halmashauri ya jiji inakusanya mara nyingi zaidi, kwa hiyo kijana wa mjini ana asilimia ileile na fedha nyingi. Na sehemu kubwa ya mapato ya halmashauri za kilimo ni ushuru wa mazao. Yaani mahindi ya kijana yanakatwa ushuru, kisha ushuru wake anarudishiwa kama mkopo, na anaambiwa ashukuru.

Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima baada ya ripoti za CAG kuonyesha madeni yasiyorejeshwa na vikundi hewa. Utaratibu mpya ulianza 2024, na jirani zetu wa Nkasi wakawa kwenye halmashauri kumi za kwanza kujaribu kupitia benki. Kusafisha ni sawa. Lakini kijana wa kijiweni hakuunda kikundi hewa peke yake. Kikundi hewa hakipati fedha bila mhuri, na kijana hana mhuri. Yeye alifungiwa mlango kwa kosa lililofanyika ndani ya ofisi.

*7. "MBONA FULANI AMEFANIKIWA?"*

Hili ndilo jibu la mwisho la wenye hoja ile. Kila tawi lina fulani wake aliyeanza na kuku watatu na sasa ana duka na gari. Tunampongeza kwa dhati. Lakini ukimkalisha chini akueleze vizuri, mara nyingi utakuta palikuwa na shamba la baba, au mjomba mwenye duka Tunduma, au mume aliyeajiriwa serikalini. Alipewa jembe na familia yake. Si dhambi. Ila Chama cha wakulima na wafanyakazi hakikuanzishwa kwa ajili ya wenye wajomba tu. Jembe na nyundo kwenye bendera yetu si picha ya mtu mmoja aliyebahatika.

Na vijana nao niwaambie. Wapo wanaokunywa tangu asubuhi. Wapo waliokula mkopo wa kikundi wakahama kijiji. Hao wawajibishwe, majina yao yasomwe. Jembe ukipewa, lima. Nusu ya pili ya methali inawahusu ninyi.

*8. MAPENDEKEZO KWA MKUTANO WA TAWI*

Jumamosi saa 4 asubuhi tunakutana ofisi ya tawi. Naweka mezani mambo matano, yajadiliwe na yapigiwe kura:

*Moja.* Katika mikutano ya tawi hili, kiongozi yeyote atakayesema vijana wajiajiri aulizwe papo hapo: kwa jembe gani, kutoka wapi, lini?

*Mbili.* Ilani ya 2020 iliahidi ajira zisizopungua milioni nane. Kila mgombea wa udiwani na ubunge atakayefika Mwazye aulizwe mbele ya wote: kwa kata hii zilikuja ngapi, na kati ya hizo ngapi zilikuwa na mshahara? Asiyeweza kujibu akaandae jibu.

*Tatu.* Vijana wa pikipiki wasikubali msafara wa lita mbili za mafuta na fulana. Kila msimu wa kura wanatangulia mbele wakipiga honi, na baada ya kura hawakumbukwi. Fedha ya kununua kura ni rushwa, na kanuni za Chama zinasema hivyo.

*Nne.* Vijana wanaolima wajiunge kwenye AMCOS na wakusanye mahindi pamoja msimu huu, hata ikiwa lori moja tu la kwanza, liende kituo cha NFRA kwa jina la wakulima. Wanachama wenye stoo watoe nafasi ya kuhifadhi. Mimi nimetoa chumba kimoja. Na hoja ya ardhi ya vijana ipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 una sauti katika ugawaji wa ardhi ya kijiji. Kabla kipande chochote hakijapewa mgeni, vijana waulizwe kwanza.

*Tano.* Diwani wetu aombwe orodha ya vikundi vilivyopata mikopo katika kata, kiasi cha fedha na marejesho, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji vyote. Tukishayaona majina, uvumi utaisha, na wezi watajulikana kama wapo.

Najua wapo watakaosema Katibu Mwenezi anaongea kama wapinzani. Hapana. Nimesoma Katiba ya Chama changu na nimeielewa. Kaulimbiu yetu ya mwaka 2025 ilikuwa Kazi na Utu. Kazi bila utu tuliiona kwa manamba waliotoka Ufipa kwenda kukata mkonge. Hatukuleta uhuru ili wajukuu wao wawe manamba wa pikipiki hapahapa nyumbani.

Mzee wetu wa ile sauti, nakuomba uje Jumamosi. Kiti chako kitakuwa mbele. Uje uwaeleze vijana ulivyopewa mbolea, ulivyouza mahindi NMC, na ulivyosomeshwa bure. Ukimaliza, tuwaulize wao wanahitaji nini ili nao wafike ulipofika wewe.

Asiyekubaliana nami aje aseme hadharani, tusijibizane kwa sauti za usiku.

*Kidumu Chama Cha Mapinduzi!*
*Kazi na Utu, Tunasonga Mbele!*

Katibu Mwenezi,
Tawi la Mwazye

_(Mabalozi: tuma kwa wanachama wa shina lako. Usikate wala kuongeza neno.)_